‘Ganda’ na ‘risasi’ ni vitu viwili tofauti

Taarifa za habari kuhusu visa vya ufyatuaji wa risasi huwa na sentensi moja isiyokosa: ‘Polisi walipata risasi tano zilizotumika katika eneo la tukio.’ Ukiichunguza kauli hii utagundua kwamba ina walakini. Risasi iliyotumika haibaki miguuni pa aliyeifyatua. Imekwenda zake, pengine imekwama ukutani au mtini. Kinachookotwa pale alipokuwa amesimama ni ganda, yaani kile kikopo chembamba cha shaba kilichobeba baruti. Kwa hivyo, polisi walipata maganda matano ya risasi.

Msomaji anaweza kuuliza, “Kwani hatujaelewana?” Mtaani, naam, tumeelewana. Mahakamani mambo ni mengine. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mtu awe na cheti ndipo amiliki bunduki au risasi. Mkalimani akimwambia hakimu kwamba shahidi aliona risasi mezani, ilhali shahidi alisema maganda, picha anayoipata hakimu ni tofauti kabisa na ile aliyoichora shahidi.

Kile tunachokiita risasi kwa jumla kina sehemu nne. Mbele kuna risasi yenyewe, ile inayoruka. Nyuma yake, ndani ya ganda, kuna baruti. Kitakoni mwa ganda kuna kidude kinacholipuka kinapogongwa na kuiwasha baruti hiyo. Jina lake ni fataki. Siku hizi ukitaja fataki watu huwaza mkesha wa Mwaka Mpya na mianga angani, lakini maana hii ya bunduki imo katika kamusi za zamani za Kiswahili. Hakuna haja ya kubuni neno jingine.

Neno ‘risasi’ lenyewe lina maana mbili. Lilitoka katika Kiarabu likiwa jina la madini mazito ya rangi ya kijivu, laini, yanayoyeyuka upesi motoni. Kwa kuwa vichwa vya risasi vilitengenezwa kwa madini hayo, jina likahamia kwenye kichwa, kisha likakimeza kitu kizima. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, ambao mahakama iliamuru mnamo 2020 wafidiwe kwa madhara ya kiwanda cha kuyeyusha betri, walidhuriwa na risasi ingawa hakuna bunduki iliyofyatuliwa. Maana hii ya kwanza tutairudia, kwa sababu ina uhusiano na maganda.

Kuna watu ambao kwao ganda si takataka. Nchini Marekani, wawindaji na walenga shabaha wengi huyaokota maganda yao, wakaenda nayo nyumbani, wakayatengeneza na kuyajaza tena kwa matumizi yao wenyewe. Sababu ni kwamba ganda ndilo sehemu pekee kati ya zile nne inayoweza kutumika mara kadhaa. Kazi yenyewe ina msamiati ambao mfasiri akikutana nao hukimbilia Kiingereza bila sababu. Hebu tuifuate hatua kwa hatua.

Kwanza ni kuchagua. Ganda linalofaa ni la shaba. La chuma au la alumini kwa kawaida huwekwa kando, na sumaku hulifichua la chuma hata likiwa limepakwa rangi. Hapa Kiswahili kina upungufu kidogo. Neno ‘shaba’ tunalitumia kwa madini mekundu yanayochimbwa Katanga (jimbo ambalo kuanzia 1971 hadi 1997 liliitwa Shaba) na pia kwa mchanganyiko wa manjano wa madini hayo na zinki. Maganda ni ya aina hii ya pili: takriban asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki. Anayeandika kwa mafundi na aseme ‘shaba ya manjano’.

Ganda la bunduki ndefu limepewa mwili kama wa binadamu, au tuseme kama wa chupa: lina mdomo, shingo, bega, tumbo na kitako. Mkaguzi hutazama kama mdomo umepasuka, kama tumbo lina ufa, na kama pana mduara unaong’aa karibu na kitako. Mduara huo ni dalili mbaya. Shaba imevutika na kuwa nyembamba mahali hapo, na ganda linaweza kukatika vipande viwili likifyatuliwa tena. Wenye uzoefu huingiza waya uliopindwa ncha na kupapasa ndani. Ukikwama kwenye kijifereji, ganda hilo hutupwa.

Kisha huja kusafisha. Maganda hutiwa katika chombo kinachotikisika kwa saa kadhaa pamoja na unga wa magunzi ya mahindi au wa maganda ya jozi. Naam, maganda husafishwa kwa maganda! Kitu kisichotakiwa hapa ni dawa yoyote yenye amonia. Waingereza walilijua hilo India, pale risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zilipopasuka msimu wa mvua. Amonia kutoka kwa mkojo wa farasi ilikuwa imeishambulia shaba iliyokuwa tayari na mkazo ndani yake.

Fataki kuukuu hutolewa kwa kusukumwa na sindano ya chuma kutoka ndani. Hapo ndipo inapofaa kujua kama ganda ni la mtindo wa Boxer au wa Berdan. La Boxer lina tundu moja katikati, na sindano hupita bila shida. La Berdan lina matundu mawili pembeni, na sindano ikishuka huvunjika. Kinachochekesha ni kwamba Boxer alikuwa Mwingereza ilhali mtindo wake ndio uliotawala Marekani, naye Berdan alikuwa Mmarekani na mtindo wake ukashamiri Ulaya.

Ganda likifyatuliwa huvimba na kubana kuta za bunduki ili gesi isivuje nyuma. Kabla ya kutumika tena, ni lazima lirudishwe kimo chake. Hupakwa mafuta maalumu kidogo, kisha hushindiliwa ndani ya kalibu ya chuma. Asiyepaka mafuta atalikwamisha humo, na kulitoa ni kazi ngumu.

Neno ‘kalibu’, kifaa cha kutolea umbo, asili yake ni Kiarabu. Neno hilohilo la Kiarabu, kwa mujibu wa maelezo yanayokubaliwa na wengi, lilipita Ulaya likawa jina la kipenyo cha mtutu wa bunduki, ambalo sisi tulilipokea tena kama ‘kaliba’. Tunaposema fulani ni mwandishi wa kaliba ya juu, tunatumia neno lililozunguka dunia na kurudi karibu na nduguye bila kumtambua.

Shaba iliyobanwa haina pa kwenda ila mbele, hivyo ganda hurefuka. Ganda la .308 Winchester, kwa mfano, halifai kuzidi milimita 51.18. Likizidi, mdomo wake huibana risasi isiachie kwa wakati, na shinikizo hupanda kupita kiasi. Hupimwa, likakatwa, kisha mdomo ukaparuzwa ndani na nje kuondoa makali. Mafundi wetu wa Jua Kali wangeielewa hatua hii bila kufasiriwa neno.

Sasa turudi kwa risasi ile ya kwanza, yaani madini. Fataki nyingi zina kemikali yenye risasi, na masizi yake hubaki ndani ya ganda. Vumbi linaloruka wakati wa kusafisha lina sumu hiyo. Ndiyo maana kazi hii hufanyiwa mahali penye hewa, mbali na jikoni na watoto, na mikono huoshwa kabla ya kugusa chakula.

Limesalia suala la kitenzi. Wengi wangesema ‘kujaza risasi upya’, lakini kauli hii humfanya msikilizaji afikirie mtu anayetia risasi bundukini katikati ya mapambano. ‘Kushindilia’ lilikuwa neno la magobore, wakati baruti ilipopigwa kwa mti kupitia mdomo wa mtutu. Kinachojazwa katika kazi hii si bunduki, wala si risasi. Napendekeza ‘kujaza ganda’, na anayeifanya kazi hiyo aitwe mjaza maganda.