Macho ya manjano: si palu kila mara

Kwetu Kolwezi, Likasi na Kambove, mutoto akigeuka macho ya manjano, neno la kwanza ni palu, la pili ni sumu. Watu wanakimbilia dawa ya mizizi, na siku zinapita. Leo tunaongea juu ya sababu moja ambayo wengi hatuifikirie: munyoo.

Nyongo inatoka kwa maini na kushuka katika matumbo kwa mufereji mudogo. Mufereji ukizibwa, nyongo inarudi katika damu. Njo pale macho yanakuwa manjano, mukojo unakuwa mweusi kama chai kali, na mavi yanakuwa meupe kama pemba.

Mara nyingi kinachoziba ni jiwe. Hata mutoto wa SS anaweza kupata mawe hayo mapema, kwa sababu damu yake inavunjika mbio. Lakini askarisi, ule munyoo murefu wa tumbo, unaweza kufika sentimeta 30, na unapenda kupenya katika matundu. Minyoo ikiwa mingi, mumoja unaweza kupanda mpaka kwa mufereji wa nyongo. Maumivu ni makali juu ya tumbo, upande wa kuume, na mugonjwa anatapika.

Ekografi inaweza kuuonyesha. Mara nyingi hakuna kisu: mugonjwa anakaa bila kula, anapewa serumu na dawa ya maumivu, munyoo unatoka wenyewe. Muganga njo anachagua saa ya kutoa dawa ya minyoo, kwani munyoo ukifia ndani, mabaki yake yanaweza kugeuka jiwe. Ukikatala kutoka, wanapitisha mupira wenye kamera kwa kinywa na kuuvuta, ao wanapasua.

Homa na kutetemeka vikijiunga na macho ya manjano na maumivu, musingoje kesho. Nyongo imeingiliwa na mikrobi, na ile inaua. Mupeleke mugonjwa kwa hospitali siku ile ile.

Ndugu zetu wa kariere, munyoo jike mumoja unaweza kutaga mayai 200.000 kwa siku, na mayai hayo yanaishi katika udongo miaka. Pale hakuna choo, watu wanajisaidia karibu na mashimo, na udongo ule njo tunaoshika. Basi tuchimbe choo mbali na maji, tunawe mikono na sabuni mbele ya kugusa bukari, na watoto wapewe dawa ya minyoo kila inapopitishwa. Ni kazi ndogo kuliko kumufunga mutoto kwa pikipiki usiku tukitafuta hospitali.