Mizani isimmalize kijana kabla ya pambano

Oktoba 2025, vijana wa judo kutoka mabara mbalimbali walikutana Lima, mji mkuu wa Peru, kwa mashindano ya dunia ya walio chini ya umri wa miaka 21. Mwaka mmoja kabla, mashindano hayo yalifanyika Dushanbe, Tajikistan. Watazamaji wa mchezo huu huona pambano la dakika nne: kijana anamkamata mwenzake kwenye vazi, anamyumbisha, anambwaga chali na mwamuzi anainua mkono. Wasichokiona ni kilichotokea jioni iliyotangulia, pale mshindani alipopanda kwenye mizani.

Mizani hiyo ndiyo mada yetu wiki hii, kwa sababu inawagusa pia wazazi wa hapa nyumbani. Judo si ngeni kwetu. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Andrew Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika uzito wa chini ya kilo 73. Aidha, vijana wanaocheza ngumi hupimwa uzito kama wanajudo, na tabia ya kujikausha ili kufikia uzito inajulikana katika michezo yote miwili.

Katika mashindano ya dunia ya vijana, wavulana wamegawanywa katika madaraja saba, kuanzia chini ya kilo 60 hadi zaidi ya kilo 100. Wasichana nao wana madaraja saba, kuanzia chini ya kilo 48 hadi zaidi ya kilo 78. Lengo la mgawanyo huu ni usalama: mwenye mwili mdogo asibwagwe na mwenye mwili mkubwa. Tatizo huanza pale kocha au mzazi anapoona kuwa kijana wake akishuka daraja moja atakutana na wapinzani wepesi kuliko yeye. Hapo kijana mwenye kilo 63 anaambiwa ashuke hadi 60 ndani ya siku mbili au tatu.

Kilo hizo haziwezi kuwa mafuta. Mwili hauchomi kilo tatu za mafuta kwa siku tatu. Kinachotoka zaidi ni maji, pamoja na akiba ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini. Kijana huacha kunywa, hukimbia juani akiwa amevaa nguo nzito au za nailoni, au hukaa kwenye chumba cha mvuke. Wengine hutumia dawa za kukojosha, ambazo zimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni.

Maji yakipungua, kiasi cha damu kinachozunguka mwilini nacho hupungua. Moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kufikisha damu kwenye ubongo na misuli. Jasho likikosekana, mwili hushindwa kujipoza na joto hupanda. Figo hupata damu kidogo, na chumvi zinazosaidia moyo kudunda kwa mpangilio huvurugika. Upungufu wa maji unaofikia asilimia 2 tu ya uzito wa mwili unatosha kushusha uwezo wa mchezaji. Kwa kijana wa kilo 63, hiyo ni kilo moja na robo hivi. Anayeshuka kilo tatu amepita kiwango hicho mara mbili.

Madhara yake yameshagharimu maisha. Mwaka 1996, Chung Se-hoon, mwanajudo wa Korea Kusini aliyekuwa na umri wa miaka 22, alifariki dunia alipokuwa akipunguza uzito kuelekea Olimpiki ya Atlanta. Mwishoni mwa mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu nchini Marekani walifariki katika muda wa wiki chache kwa sababu kama hiyo, na kanuni za upimaji uzito vyuoni zikabadilishwa. Hao walikuwa watu wazima. Mtoto wa miaka 15 bado anakua.

Katika kilele cha kubalehe, mvulana anaweza kurefuka sentimita 8 hadi 10 kwa mwaka. Mifupa, misuli na viungo vyake vinahitaji chakula cha kutosha kila siku. Daraja lililomfaa mwaka jana huenda lisimfae tena mwaka huu, na hilo ni dalili ya afya njema. Msichana anayejinyima chakula mara kwa mara anaweza kukosa hedhi, na hali hiyo ikidumu mifupa yake hudhoofika.

Wasimamizi wa judo wanalijua tatizo hili. Mshindani aliyepimwa jioni anaweza kuchaguliwa kwa bahati nasibu na kupimwa tena asubuhi ya pambano, na uzito wake usizidi kikomo cha daraja kwa zaidi ya asilimia 5. Wa kilo 60, kwa mfano, asivuke 63. Japani, ambako Jigoro Kano alianzisha mchezo huu mwaka 1882, ilikwenda mbali zaidi. Machi 2022, shirikisho la judo la nchi hiyo lilitangaza kuyafuta mashindano ya kitaifa ya mtu mmoja mmoja kwa wanafunzi wa shule za msingi. Miongoni mwa sababu ilikuwa uchu wa ushindi uliofanya hata watoto walazimishwe kupunguza uzito.

Hata hivyo, kanuni haiingii jikoni kwako. Mzazi, ukiona kijana wako anakwepa kula na familia, anatema mate ovyo ili apungue, ana midomo mikavu, anakojoa mkojo mchache wenye rangi iliyokolea, anaumwa kichwa au ana hasira zisizo za kawaida, muulize. Akizimia, akichanganyikiwa, akilalamika maumivu ya kifua au mapigo ya moyo yakienda ovyo, usisubiri mashindano yaishe. Mpeleke hospitali mara moja.

Kwa kijana anayekua, ushauri ni mmoja: ashindane katika uzito alionao akiwa ameshiba na amekunywa maji. Kama ana mafuta ya ziada, yapunguzwe taratibu kwa miezi, nje ya msimu, kwa usimamizi wa daktari au mtaalamu wa lishe. Baada ya kupimwa jioni, anywe kidogo kidogo hadi usiku. Uji, supu na matunda humrudishia maji pamoja na chumvi. Maji matupu mengi kwa mkupuo huzimua chumvi ya damu na yanaweza kumdhuru.

Kabla hujalipia nauli ya mashindano, muulize kocha swali moja: mwanangu atapigana daraja gani, na leo ana kilo ngapi? Kama namba hizo mbili zimepishana sana, mwambie abadilishe daraja.