Bomba la Kuzima Moto Lisichaguliwe kwa Bei Pekee

Huenda msomaji akastaajabu kumwona mwanaisimu akizungumzia mabomba. Lakini moto haubagui taaluma, na usalama wa mabweni unawahusu walimu na wanafunzi kabla ya wahandisi. Hatujawasahau wavulana 67 walioangamia Kyanguli mwaka wa 2001, wala watoto 21 wa Endarasha mwaka wa 2024. Mlango unaofunguka na dirisha lisilo na vyuma ndiyo kinga ya kwanza. Hata hivyo, mabweni ya ghorofa yanazidi kujengwa, na vinyunyizio vya maji vinahitajika humo.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Vinyunyizio hupata maji kutoka kwa bomba kuu linalosimama wima, ambalo wahandisi huliita raiza. Mimi nitaliita bomba-wima. Hapo hufungwa vali, kipimo cha shinikizo, swichi inayoliza kengele maji yanapotiririka, na njia ya kutolea maji ya majaribio. Siku hizi viungo hivi hununuliwa vikiwa vimekwisha kuunganishwa kiwandani. Faida yake ni dhahiri: kazi ya fundi hupungua, na hatari ya kiungo kusahauliwa au kufungwa kinyumenyume hupungua pia.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaodhani kuwa kilichotoka kiwandani hakihitaji kuulizwa maswali. Mnamo Februari 1991, jengo la ghorofa 38 liitwalo One Meridian Plaza, mjini Philadelphia, Marekani, lilishika moto. Mabomba-wima ya wazima moto yalikuwapo, na vali za kupunguza shinikizo zilikuwapo. Ila vali hizo zilikuwa zimerekebishwa vibaya, na maji yakatoka kwa unyonge. Wazima moto watatu walikufa. Moto ulioanzia ghorofa ya 22 ulikomea ya 30, vinyunyizio 10 vilipofyatuka na kuuzuia.

Kwa hivyo, kamati ya shule inapoletewa bei, na iulize: Je, shinikizo la maji yetu linafika ghorofa ya juu? Je, kifaa hiki kinalingana na hesabu za mhandisi? Je, mkono wa vali utazungushika katika kijichumba kile? Maji ya majaribio yatamwagwa wapi? Nani atakikagua kila mwaka?

Swali la mwisho ni la taaluma yangu: maelezo yake yameandikwa kwa lugha gani? Takwimu za Marekani zimeonyesha kwamba sababu kuu ya vinyunyizio kutofanya kazi ni maji kuwa yamefungwa kabla ya moto kuzuka. Bawabu asiyeelewa kibandiko cha Kiingereza anaweza kuifunga vali akirekebisha mfereji unaovuja, asiifungue tena. Kibandiko cha Kiswahili kisemacho "Vali hii iwe wazi daima" hakigharimu chochote cha kutajika. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini rahisi ya namna hii huokoa roho.