Kanda Iliyolala Miaka 48

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Wapenzi wa jazi wanaujua ukweli wa usemi huo.

Mwaka 1957, mpiga piano Thelonious Monk na mpuliza saksafoni John Coltrane walishirikiana kwa miezi kadhaa katika kilabu cha Five Spot, New York. Waliowasikia walisimulia maajabu. Waliozaliwa baadaye waliachiwa rekodi chache mno. Kumbe tarehe 29 Novemba mwaka huo, Sauti ya Amerika iliwanasa wakitumbuiza katika ukumbi wa Carnegie Hall! Kanda hizo zililala katika Maktaba ya Bunge la Marekani hadi 2005, mhifadhi Larry Appelbaum alipozitambua. Kampuni ya Blue Note ikazitoa mwaka uo huo.

Wako washikiliao kwamba muziki halisi ni wa ukumbini, na kwamba kutoa upya rekodi za kale ni hila ya kibiashara. Hoja hiyo ina uzito. Mara nyingine tunauziwa wimbo ule ule katika jalada jipya. Hata hivyo, ukumbi huwafaa waliohudhuria pekee. Bila kanda, usiku ule ungebaki masimulizi.

Lakini kurekodi peke yake hakutoshi. Kanda isiyoorodheshwa ni sawa na hazina iliyofukiwa. Enyi walimu na wanafunzi mnaorekodi nyimbo zenu, je, mmeandika majina na tarehe?