Mikorosho ya Kisarawe: Msumeno Utangulie Salfa

Kipupwe kinapoingia Kisarawe na Kibaha, mkoani Pwani, mikorosho hutoa majani mapya na maua, na ubwiriunga nao huamka. Ukungu huu hutanda kama unga mweupe juu ya majani machanga na mashada ya maua. Maua hugeuka kahawia, hukauka na kupukutika kabla ya kufunga korosho. Jani lililokomaa hauliwezi. Unachotafuta ni kilicho laini.

Tabia hiyo inajulikana vizuri kwa watafiti wa ngano. Shamba la ngano likizidishiwa mbolea ya naitrojeni, majani huwa mengi na laini, mimea husongamana, hewa hukosa pa kupita na unyevu hukawia kukauka. Hapo ubwiriunga wa ngano na kutu ya manjano hushamiri. Ukungu wa ngano hauambukizi mkorosho, lakini kanuni ni moja: ulaini, kivuli na unyevu huulea ugonjwa. Mkulima anayemwaga urea shambani bila kipimo, akifurahia ukijani wa majani, hulisha zao na adui yake kwa pamoja.

Tanzania imeshaonja gharama ya ugonjwa huu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Bei duni iliwakatisha tamaa wakulima, na kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa kuliwaacha wengi mbali na mikorosho yao, mashamba yakageuka pori. Ubwiriunga, uliotambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaimaliza mikorosho iliyokuwa imekwisha kutelekezwa.

Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, walisaidia kuleta tiba: unga wa salfa unaopulizwa kwa mashine alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani. Salfa iliokoa zao, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Lakini salfa ni kinga. Huzuia mbegu za ukungu zisiote. Haifufui ua lililokwisha kuungua. Nayo ikidondoka chini mwaka hadi mwaka huongeza tindikali ya udongo, jambo zito kwa ardhi ya kichanga ya Pwani.

Ndiyo maana kazi ianze kwa msumeno na panga. Mikorosho mingi ya wazee wetu ilipandwa karibu karibu, matawi yakakutana na jua likakosa njia. Baada ya mavuno, punguza miti iliyobanana. Wanaopanda upya waache nafasi ya mita 12 kwa 12. Pogoa matawi makavu na yanayogusa ardhi, kisha ondoa maotea yanayochipua ndani ya mti, kwa kuwa machipukizi hayo ya kivulini huuhifadhi ukungu hadi maua yatoke. Palilia mapema. Mbolea nayo itolewe kwa ushauri wa afisa ugani na, inapowezekana, baada ya udongo kupimwa.

Tena si kila ukungu husikia salfa. Mwaka 2012, katika kijiji cha Magawa wilayani Mkuranga, jirani kabisa na Kisarawe, uligunduliwa mnyauko fusari wa mikorosho. Huu hukaa udongoni, huingia kwa mizizi na kuua mti mzima. Kumwagia salfa mti wa namna hiyo ni kupoteza fedha. Mti unaponyauka ghafla, mwite mtaalamu kabla ya kuhamisha udongo, miche au majembe kutoka hapo.

Halmashauri za Kisarawe na Kibaha zihakikishe salfa inawafikia wakulima kabla maua hayajatoka, na maafisa ugani wawe shambani tangu wakati wa kupogoa. Nawe mkulima, usingoje mgawo wa salfa ndipo uanze kazi. Mkorosho unaopata jua na hewa umekwisha kupata nusu ya kinga yake, na nusu hiyo haihitaji fedha ila jasho lako.