Mafundi Wasiofundwa

Katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, mtu akitengeneza kitu ambacho hakuna aliyemwagiza, wala hakuna aliyemfundisha kukifanya, wala hakina kazi nyumbani au shambani, watu huuliza swali moja: "Huyu ana nini?" Hawaulizi, "Amefanya nini?" Kusudi letu katika makala hii ni kulichungua swali hilo, kwa kuwa twaona limetupotezea sisi walimu vitu ambavyo havitarudi. Pamoja na hayo twataka kueleza kwa nini watu wa nchi za mbali, walio na vyuo vya uchoraji tangu karne nyingi, wamekuja kuwapenda mno mafundi wa namna hii, hata kuwajengea nyumba za maonyesho.

Tuanze kwa maneno. Neno fundi lina udugu na kufunda. Kufunda ni kumtia mtu mafunzo, hasa mwari katika unyago na kijana katika jando. Na ndugu zake wengine ni funzo na kufundisha. Basi kwa sikio la Kiswahili fundi ni mtu aliyefundwa. Fundi wa milango, fundi cherehani, fundi wa kuwamba ngoma, kila mmoja ana aliyemtangulia, naye akiulizwa atamtaja. Je, yule asiyefundwa na mtu, naye hata hivyo afanya kazi ya mikono usiku na mchana, aitweje? Hapo lugha yatupa maneno ya jamii nyingine kabisa: mwehu, kichaa, mwenye pepo, mwenye wazimu. Na wazimu ni jirani wa mzimu, maana wazee waliona kwamba atendaye hivyo hatendi mwenyewe, bali yuko mwingine atendaye ndani yake. Lipo pia neno kipaji, ambalo hatuwezi kulitamka bila kumkumbuka Mpaji. Walakini hilo twalitumia kwa mtoto aimbaye vizuri katika kwaya, mara chache sana kwa mtu abandikaye vipande vya chupa ukutani.

Miaka ya 1990, tulipokuwa tungali vijana katika kazi ya ualimu, tulikaa katika kijiji kimoja kati ya Nachingwea na Ruangwa. Alikuwapo mzee aliyekuwa kibarua katika ule mpango mkubwa wa karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Wasomaji wa kusini hawana haja ya kukumbushwa jinsi misitu ilivyong'olewa kwa matrekta, mji wa Nachingwea ukainuka, na reli ikaletwa kutoka pwani mwaka 1949. Karanga zilishindwa. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa, na leo mgeni hawezi kujua kwamba gari moshi lilipita hapa mpaka aonyeshwe tuta.

Nyuma ya nyumba yake mzee huyu alikuwa na treni. Kichwa chake kilikuwa cha udongo wa kichuguu uliokandikwa juu ya fito za mianzi. Mabehewa manne yalikuwa ya madebe ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Magurudumu yalikuwa vipande vya magogo. Na chini yake mataruma yalipangwa kwa kipimo, ambacho alikuwa amekikata katika ufito mmoja asioruhusu mtu kuugusa. Urefu wote ulikuwa hatua zetu 18. Kila mwaka mvua ziliubomoa udongo, na kila mwaka, baada ya kuvuna ufuta, aliujenga upya. Mkewe alinung'unika, tena kwa haki kabisa, kwa kuwa madebe yale yangeliweza kuezeka jiko.

Watoto wa shule walimwita mwehu, na sisi hatukuwakataza. Zaidi ya hayo, siku moja tuliwachukua wanafunzi wetu wa darasa la 5 kwenda kuitazama ile treni, nasi twakiri kwamba hatukuwapeleka kujifunza, bali kupunguza uchovu wa wiki ya mitihani. Mzee alikuwa amepata habari mapema. Tulikuta ua umefagiwa, mikeka imetandikwa, naye amevaa kanzu. Akawaeleza watoto kwa muda mrefu jinsi behewa linavyoshikana na behewa, na mahali pa kutia grisi. Sehemu ambazo hakujua majina yake kwa Kiswahili alikuwa amezipa majina mwenyewe. Mengine yalikuwa ya Kimwera, na mengine hayakuwa ya lugha yoyote tuijuayo. Kila alipotamka jina la namna hiyo watoto walicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Mwishowe tukamwuliza, "Babu, na treni hii inakwenda wapi?" Akajibu bila hasira, "Haiendi, mwalimu. Hata ile ya kweli haiendi."

Mzee alifariki miaka michache baadaye, na ndugu zake walihitaji kiwanja. Hatukupiga picha hata moja. Katika majina yale aliyoyatunga hatukumbuki hata moja, nasi ndio tuliojidai kukusanya maneno ya nchi hii.

Sasa tutazame mbali kidogo. Katika kijiji cha Hauterives, Ufaransa, alikuwako mpeleka barua aliyeitwa Ferdinand Cheval. Mwaka 1879, akiwa katika safari yake ya kila siku kwa miguu, alijikwaa katika jiwe lenye umbo la ajabu, akalichukua. Kesho yake akarudi kutafuta mengine. Tangu hapo akawa akikusanya mawe njiani na kuyaleta nyumbani kwa toroli, na kwa miaka 33, mpaka mwaka 1912, alijenga peke yake jumba lenye minara, mapango na sanamu za wanyama, ambalo si nyumba ya kukaa wala kanisa. Majirani walimwona kuwa amerukwa na akili. Mwaka 1969 serikali ya Ufaransa ililitia jumba hilo katika majengo ya kuhifadhiwa, na watu wengi sana huenda kulitazama. Wala hatusemi kwamba treni ya madebe ililingana na jumba la mawe. Mawe hukaa, udongo wa kichuguu hauwezi. Twasema tu kwamba swali waliloliuliza majirani wa Cheval ni lile lile letu.

Aliyeipa kazi ya namna hii jina lake ni mchoraji Mfaransa Jean Dubuffet, mwaka 1945. Yeye aliiita sanaa ghafi, kama tusemavyo mali ghafi, yaani kitu kisichopita bado katika kinu cha mtu mwingine. Alikusanya kazi za wafungwa, za wagonjwa wa akili, za wajane na wapweke, na mkusanyo wake una nyumba yake mjini Lausanne tangu mwaka 1976. Mmoja wa watu wanaosifiwa zaidi humo ni Mswisi Adolf Wölfli, aliyefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Bern tangu mwaka 1895 mpaka kufa kwake mwaka 1930. Huyo aliandika na kuchora maelfu ya kurasa za maisha ya kubuni, pamoja na muziki wake mwenyewe; tena daktari wake asimulia kwamba penseli aliyopewa mwanzo wa wiki ilikwisha kwa siku mbili. Lakini makasisi wasomao haya yafaa wajue pia kwamba alifungiwa kwa sababu ya makosa mabaya juu ya watoto. Wako wampendao Wölfli hata wakamfanya kama nabii. Hilo hatulikubali. Kazi ni kazi, na mtu ni mtu.

Kwa walimu wa lugha yuko mwingine atakayewapendeza zaidi, na huyu ni Mwafrika. Frédéric Bruly Bouabré wa Côte d'Ivoire alipata njozi siku ya tarehe 11 Machi 1948, akiwa karani wa serikali. Baadaye alitunga alama zaidi ya 400 za kuandikia lugha yake ya Kibété, kila alama ikiwa silabi moja na picha ndogo, kisha kwa miaka mingi akachora mamia ya kadi kwa kalamu za rangi na kalamu ya wino, akitaka kuandika kila kitu kilichopo duniani. Kama angalikuwa mwanafunzi wetu, tungalimwambia kwamba herufi zipo tayari, akaandike imla.

Je, watu hawa wana mvuto gani? Wengine hujibu kwamba ni wazimu wao. Twaona jibu hilo ni la haraka, maana wagonjwa wa akili ni wengi, na wengi wao hawafanyi kitu chochote cha kutazamwa. Twaona mvuto unatoka katika kutokuwapo mnunuzi. Vitu vingi tuvionavyo kila siku vimefanywa kwa kumtazama mwingine: mwenye duka, mkaguzi, mgeni, jirani. Kazi ya mtu kama Cheval haimtazami mtu, wala haibembelezi. Mtu wa mjini, ambaye tangu asubuhi mpaka jioni huona vitu vinavyomwita anunue, akifika mbele ya kitu kisichomwita huona raha, tena labda wivu kidogo.

Lakini hapa pana hatari, nayo yatuhusu sana sisi wa kusini. Wako waliokuja wakadhani kila mchongaji au mchoraji wa Kiafrika asiyepita chuo cha Kizungu ni fundi asiyefundwa. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na uwanda wa Wamakonde, akawapa wapagazi na wenyeji karatasi na penseli, na michoro yao akaitia katika kitabu chake cha mwaka 1908. Ni michoro mizuri, na twamshukuru kwa kuihifadhi. Walakini wale watu hawakuwa wapweke walioshikwa na jambo; walichora kwa kuwa waliombwa.

Vivyo hivyo na vinyago. Katika miaka ya 1950 mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa alianza mjini Dar es Salaam kuchonga mashetani katika mpingo, maumbo yaliyopindana yasiyofanana na kinyago chochote cha kabla yake, na Mohamed Peera, mwenye duka la vinyago, akamtia moyo badala ya kumfukuza. George Lilanga, aliyezaliwa kusini mwaka 1934, alikuwa kwanza mlinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kabla ya kuwa mmoja wa wasanii wake. Mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza yalivuka bahari, naye akafa mwaka 2005 akiwa na sifa kubwa. Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyekuwa kibarua wa mkonge, alianza mnamo mwaka 1968 kuchora wanyama juu ya mbao nyembamba kwa rangi za kupakia baiskeli, na ingawa alikufa mwaka 1972, jina lake limekuwa jina la mtindo.

Watu hao huitwa wasanii wa nje. Nje ya nini? Likankoa na Lilanga walitoka kwa watu ambao kuchonga ni urithi wao, na mpingo hauchongwi na mkono usiofundwa, utapasuka. Tingatinga aliwafundisha jamaa zake, nao wakaunda ushirika. Hawa ni mafundi kamili kwa maana ya asili ya neno, isipokuwa mafunzo yao hayakuwa na cheti. Tena walikuwa na wanunuzi, nao waliwajua vizuri. Mgeni apendaye kumwona Lilanga kama mtu wa porini aliyepagawa anapenda hadithi yake mwenyewe, na mara nyingine hulipa zaidi kwa hadithi kuliko kwa kinyago. Tumesikia hata mshauri mmoja akisema kijana fulani asifundishwe kitu, asije akaharibika. Neno hilo ni baya kuliko kicheko chetu cha darasa la 5, maana sisi tulimdharau mzee kwa kutojua, naye ataka kijana akae gizani kwa faida.

Basi ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo wengine huyachanganya. Mchongaji wa Kimakonde yumo ndani ya mila yake. Aliye nje kweli ni yule ambaye hata kijijini kwake hana mwenzi wala mfano: si wa jando, si wa shule, si wa soko. Huyo hahitaji kuitwa nabii, wala hahitaji kuponywa kazi yake, maana mara nyingi kazi ndiyo imshikayo asianguke. Twaomba walimu wenzetu wa Nachingwea, Ruangwa na Masasi, wakimwona mtu wa namna hiyo, waende na daftari. Waandike ukubwa wa kazi, vifaa vyake, na hasa maneno ya mwenyewe kama ayasemavyo, bila kuyasahihisha.

Miaka mingi baadaye tulirudi katika kijiji kile kwa msiba mwingine, tukapita kumwamkia mjane wa mzee. Alipojua sisi ni nani akanyamaza kidogo, kisha akanyosha mkono darini akautoa ule ufito. "Tazama, mwalimu, ila usiuvunje," akasema. Tuliupima kwa kipimo cha fundi seremala. Alama mbili za mwisho zilikuwa meta 1 kamili, ndio upana wa reli iliyokuja Nachingwea mwaka 1949. Na palikuwa na alama nyingine, ndogo, kwenye robo ya urefu huo. Mjane akasema mumewe aliukata siku vyuma vilipokuwa bado chini.