Mfundishe Mbwa Wako Mapema

Bila shaka umewahi kuiona siku ya chanjo ya mbwa kijijini. Bwana mifugo anafika asubuhi na sanduku lake la barafu, anakaa chini ya mwembe. Watoto wanakuja na mbwa wao. Wengine wanavutwa kwa kamba za katani kama mbuzi wa mnadani. Wengine wamefungwa vipande vya kanga. Mara mmoja anamrukia mwenziwe, vumbi linatimka. Mwingine anakata kamba na kukimbilia migombani, na mwenyewe anabaki amesimama na kipande cha kamba mkononi, watu wanamcheka.

Mchana bwana mifugo anafunga sanduku lake. Mbwa waliochanjwa ni wale waliokubali kushikwa. Je, wale wakali wanaozurura usiku wako wapi? Wamebaki nyumbani. Ukimwuliza mwenye mbwa, anajibu, "Huyu wangu hashikiki, bwana."

Basi hapo ndipo penye hatari. Kichaa cha mbwa hakina dawa mtu akishaanza kuugua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Karibu wote waliumwa na mbwa. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Lakini utamchanjaje mbwa ambaye hata mwenyewe anamwogopa?

Kwa hiyo kumfundisha mbwa si mchezo wa watu wenye nafasi mjini. Ni jambo letu sisi wafugaji wa vijijini.

KWA NINI MBWA ANAKUWA MTUNDU

Mbwa ni mnyama wa kazi. Aliumbwa kutembea, kunusa, kufukuza na kutafuna. Sisi tunamfunga chini ya mti tangu alfajiri mpaka jioni. Hana la kufanya. Anabweka hovyo, anafukua bustani ya mchicha, anatafuna ndala za baba. Akifunguliwa jioni anatoka kama risasi, anakimbiza kuku na baiskeli. Tunasema, "Mbwa huyu ana shetani." Hana shetani. Anajitafutia kazi tu, maana sisi hatukumpa.

Mtoto wa mbwa naye ana sababu yake. Kuanzia miezi minne hivi meno ya utoto yanang'oka na mengine yanaota. Fizi zinamwasha, kwa hiyo lazima atafune kitu. Usipompa kitu chake atachukua chako.

Na njaa je? Mbwa anayepewa ukoko wa ugali mara moja kwa siku, tena akikumbukwa, ataiba. Hapo hakuna mafundisho yatakayosaidia. Mlishe kwanza, ndipo umfundishe.

KOSA LANGU MIMI MWENYEWE

Mimi si bwana mifugo, ni mfugaji tu, na niliyoyajua niliyajua kwa kukosea. Zamani nilikuwa na mbwa niliyemwita Watasema. Jina lile lilikuwa la kumjibu jirani mmoja. Ninyi mnajua mambo ya majina ya mbwa. Watasema alikuwa mla mayai. Nikirudi shambani jioni nakuta maganda ya mayai chini ya ghala. Naita, "Watasema, njoo!" Anakuja anatikisa mkia. Nampa fimbo.

Nilifanya hivyo siku tatu nne. Siku ya tano nikamwita, akajificha nyuma ya choo. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Anajua kosa lake."

Kumbe hakujua kosa lolote. Yai alikula saa nne asubuhi, fimbo ikaja saa kumi na mbili jioni. Mbwa hawezi kuunganisha mambo mawili yaliyoachana hivyo. Alichojifunza ni kwamba neno "njoo" linauma. Mayai akaendelea kula.

Mwaka ule bwana mifugo alipokuja nilimwita Watasema mpaka sauti ikakauka. Akaingia kwenye mahindi, hakutoka. Hakuchanjwa. Miezi michache baadaye akamwuma mtoto wa jirani mguuni, mtoto wa miaka sita aliyekuwa anapita kwenda kisimani.

Mama yake, Mungu ambariki, alikuwa amesikia mafundisho ya zahanati. Aliosha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Hakupaka pilipili, hakupaka mafuta ya taa, wala hakufunga majani. Siku ile ile tukampeleka mtoto hospitali ya wilaya, akaanza sindano. Sindano hazingoji mbwa aonyeshe dalili, maana dalili zikishamtokea mtu muda umekwisha. Mbwa mwenyewe tulimfungia bandani tukamwangalia kwa siku 10. Mbwa aliyekuwa na ugonjwa mateni wakati anauma, kwa kawaida huugua na kufa ndani ya siku hizo.

Watasema hakuugua. Yule mtoto leo ni kijana wa kuendesha pikipiki. Lakini siku zile 10 sikulala, na kila nilipokutana na mama yake njiani nilishindwa kumtazama usoni.

Mbwa aliyefuata nilimwita Chui. Jina fupi, mbwa analishika upesi. Na nikaanza upya kabisa.

TUMIA DAGAA, SI FIMBO

Kama huamini kwamba mnyama hufundishika bila kupigwa, fikiri habari za panya wa Morogoro. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, linawafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akifanya sawasawa anasikia mlio mdogo, halafu hapo hapo anapata chakula, ndizi kwa mfano. Basi. Kwa njia hiyo panya wamesaidia kusafisha mashamba huko Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana. Ikiwa panya anaweza kujifunza kazi kubwa namna ile kwa kipande cha ndizi, mbwa wako atashindwaje kujifunza kukaa chini?

Fanya hivi. Shika dagaa mmoja kwa vidole, mbwa anuse. Upandishe mkono polepole juu ya pua yake, kuelekea nyuma ya kichwa. Mbwa atainua kichwa kumfuata dagaa, na makalio yatashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, sema "Kaa!" na umpe dagaa papo hapo. Usingoje. Ukichelewa, akishasimama tena, umemlipa kwa kusimama.

Fundisha dakika tano asubuhi na tano jioni, kabla hajala. Zaidi ya hapo anachoka, nawe unakasirika. Baada ya siku kadhaa atakaa kwa neno tu. Dagaa mpe mara moja moja, siku nyingine mpapase shingo na umwambie, "Vizuri, Chui."

Neno liwe moja kwa nyumba nzima. Baba akisema "kaa", mtoto akisema "keti", na bibi akisema "hebu tulia wewe", mbwa atawasikilizaje?

"Njoo" ndilo neno kubwa kuliko yote. Lianze karibu, hatua mbili tatu, halafu uongeze umbali. Kila akija apate kitu kizuri. Usimwite kamwe ili umpige. Akiwa amekosa na unataka kumwondoa mahali, mfuate wewe mwenyewe.

Sasa kushikwa. Hili ndilo wengi wetu tunalisahau, nalo ndilo la siku ya chanjo. Mtoto wa mbwa afungwe kamba nyepesi shingoni wakati anakula, ili aizoee pamoja na shibe. Kila siku mshike masikio, inua miguu, fungua mdomo kidogo, minya ngozi ya shingo taratibu kama mtu anayetaka kuchoma sindano. Halafu dagaa. Watu wengine wa nyumbani wafanye vile vile, na hata mgeni. Majuma yale kabla hajafika miezi mitatu ni ya thamani sana. Mbwa anayezoeshwa watu, ng'ombe, pikipiki na kelele wakati huo haogopi ukubwani. Na mbwa wengi huuma kwa hofu, si kwa ubaya.

KUKU NA MAYAI

Wako watu wanaomtia mbwa yai la moto mdomoni ati asile tena mayai. Ni ukatili, na mdomo unaungua. Mimi nilijenga viota juu, urefu wa kifua cha mtu, na watoto wanaokota mayai mapema. Maganda mabichi hatumtupii mbwa tena. Wengi wetu tunamfundisha wizi sisi wenyewe kwa maganda yale, halafu tunashangaa!

Chui alipokuwa mdogo nilikaa naye uani nimemshika kwa kamba, kuku wakidonoa mbele yetu. Akiwatumbulia macho, nilingoja. Akigeuka kunitazama mimi, dagaa. Kazi hiyo ilichukua wiki mbili tatu. Sasa vifaranga wanapita mbele ya pua yake, yeye anapiga miayo.

MPE KAZI YA KUFANYA

Michezo ya mbwa haina gharama. Chukua vichwa vya dagaa, vitawanye kwenye majani nyuma ya nyumba, halafu mwachie avitafute kwa pua. Nusu saa nzima atakuwa anashughulika, na kunusa kunamchosha kama kukimbia. Ukiwa na dumu dogo la plastiki, lioshe sana, lisiwe lililotiwa dawa ya mimea. Litoboe matundu, weka ndani vipande vya ugali mkavu. Atalisukuma huku na huku mpaka kipande kitoke. Mwangalie tu asianze kumeza plastiki.

Cha kutafuna mpe mfupa mbichi wa ng'ombe, mkubwa kupita mdomo wake. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama miiba na kuchoma utumbo. Gunzi la hindi nalo ni baya. Akilimeza linaziba tumbo, na wapo mbwa wanaokufa hivyo. Ndala kuukuu pia usimpe. Mbwa hajui ipi kuukuu na ipi ya kuvaa kanisani au msikitini. Na siku ya kuchinja, maini au mapafu yenye malengelenge ya maji yafukie chini sana au uyachome moto. Mbwa akiyala anapata minyoo ambayo mayai yake humwingia mtu na kumletea uvimbe mkubwa ndani ya mwili.

Kama ni lazima afungwe mchana, usimfunge kwenye nguzo kwa kamba ya dhiraa mbili. Tandaza waya imara kati ya miti miwili, tia pete, na kamba ifungwe kwenye pete ili aende na kurudi. Awe na kivuli na maji. Asubuhi na jioni mtembeze akiwa kwenye kamba, hata ukienda kukata majani ya ng'ombe. Mbwa aliyetembea mchana haachi kulinda usiku. Anabweka kwa sababu, si hovyo.

Watoto nao wafundishwe. Mbwa anayekula au anayenyonyesha asiguswe. Mbwa mgeni akija mbio, mtoto asikimbie. Asimame kimya kama mti, mikono chini, asimkazie macho. Akiangushwa ajikunje kama jiwe na kufunika masikio na shingo.

Mtoto wa mbwa apate chanjo ya kichaa akiwa na miezi mitatu, halafu irudiwe kila mwaka au kama bwana mifugo atakavyokuelekeza. Katika vijiji vingi chanjo hufanywa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ambayo dunia nzima hukumbuka ugonjwa huu. Ni tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule Mfaransa ambaye mwaka 1885 alimchanja kwa mara ya kwanza mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, mtoto akapona. Kama tangazo halijafika kwenu, mwulize afisa mifugo wa kata.

Mwaka jana Chui alipelekwa na binti yangu wa darasa la nne. Alimwambia "Kaa," akamshika kichwa, sindano ikaingia, dagaa akafuata. Kadi ya chanjo tumeiweka kwenye bahasha moja na kadi za kliniki za watoto, na tarehe ya kurudi nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango.